Siku Niliyomtania Mkwe Kwenye Blogu

Jamani, mkinicheka chekeni taratibu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, blogu na yote.

Nilifungua blogu nikiwa fundi simu pale Kanyenye, Tabora, na fundi simu asiye na wateja ana muda mwingi sana wa kujiona msomi. Kilichonisumbua ni mtindo. Nilianza kuandika kama profesa, "mustakabali" na "muktadha" kila mstari, nikapata msomaji mmoja (mimi, nikikagua kama imepanda). Nikahamia lugha ya vijana wa Dar, dada yangu akanipigia kuuliza kama nimeibiwa simu. Nikajaribu mawaidha, lakini huko hata mimi sikurudi kusoma.

Ndipo Hamisi, muuza asali wa kibanda cha jirani, mtu mwenye ushauri wa bure na hasara zake, akaniambia, "Maganga, hapa kibarazani ukitania watu tunacheka mpaka machozi. Si uandike hivyohivyo?" Nikaona huyu katumwa na Mungu.

Sasa, mimi ni Mnyamwezi, na sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na mizigo wakipita kwao. Mtani unaweza hata kumzuilia jeneza msibani mpaka upewe chochote, na hakuna wa kununa. Na Mzaramo niliyemjua vizuri alikuwa Mzee Kondo, fundi cherehani wa mtaa wetu. Tatizo dogo, dogo kabisa, ni kwamba alikuwa pia baba yake Mwanaidi, na Jumamosi ile wazee wangu walikuwa wanakwenda kumposa Mwanaidi. Mimi nikasema moyoni, mtani ni mtani tu, siku zote (akili nyingi huondoa maarifa).

Nikaandika kwamba Mzaramo huyu alikuja Tabora na treni, akapanda nazi, na mpaka leo anakaa chini kuzisubiri ziote. Kwamba suti zake mkono mmoja unafika kiganjani na mwingine unaishia njiani. Na kwamba tangu mkewe afariki anapika wali mwenyewe, majirani wakiona moshi wanakimbia na ndoo za maji. Nilicheka peke yangu mpaka nikaangusha bisibisi. Ikasambaa kwenye magrupu hadi Urambo, na mimi nikatembea mtaani kifua mbele, mwandishi mzima.

Kwa desturi mwoaji hubaki nyumbani wazee wakienda kuposa, lakini Mzee Kondo alituma neno kwamba nami nije. Nikajua kumbe ananipenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwandishi."

Mjomba Shabani, mshenga wetu, akaanza maneno yake mazuri ya ua tuliloliona bustanini, Mzee Kondo akamzuia kwa mkono.

"Ua lipo. Kwanza kijana atusomee alichoandika, macho yangu hayaoni maandishi ya simu."

Nikasema bando limeniishia (uongo wa fundi simu!). Mwanaidi akatoka chumbani akaniwekea simu yake mkononi, ukurasa umeshafunguka, hata hakunitazama. Nikasoma. Kwenye nazi wazee wa upande wao wakatabasamu, nami kwa ujinga wangu nikapata moyo nikapandisha sauti. Kwenye wali, Mwanaidi akageuka akaingia ndani. Hapo ndipo niliposikia aibu yenyewe, si ile ya kuchekwa, bali ya kujua kwamba nimechekesha watu kwa mauti ya mama yake.

"Mtani hutaniwa, mkwe hataniwi!" Mjomba akanigeukia. "Wewe hapa umekuja kama nani?"

Mzee Kondo hakupandisha sauti. "Mtani hunitania usoni, nami namjibu papo hapo. Wewe umenitania mbele ya watu wa Urambo nisiowajua. Hao nitawajibuje?" Akafikiri kidogo. "Niazime hiyo blogu. Jibu la posa mtalisubiri."

Nikamtajia neno la siri mbele ya wazee wote, nalo lilikuwa jina la binti yake, basi mjomba akafunika uso kwa kofia.

Siku zilizofuata Mwanaidi hakupokea simu yangu, na mimi sikula wala sikulala vizuri. Kisha andiko likapanda, mzee kasema, binti kaandika. Alinichambua! Kwamba simu nikishaitengeneza inajipigia yenyewe, kwamba siku ya posa nilitoa jasho mpaka mkeka ukaanikwa. Watu walilisoma kuliko yote niliyowahi kuandika. Mwishoni akasema: "Na ni kweli wali wangu unaungua. Aliyekuwa akinipikia hakunifundisha, hakujua kama atatangulia. Mkwe wangu huyu akija, nitampakulia ukoko."

Nilirudia kusoma neno "mkwe" mpaka macho yakaniuma, kisha nikalia palepale dukani, mteja amesimama na simu yake mkononi. Tabora nzima ilipata jibu la posa kabla ya mjomba wangu.

Nimeapa sitaandika tena neno hata moja juu ya watu wa ukweni. Siku hizi nikipandisha chochote wasomaji wanauliza, "Yule mzee yuko wapi?" Na baba mkwe, yeye hajaapa.