Waya wa Upande wa Kushoto

Hedifoni zile zilitoka Basotu. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, na habari za kubinafsisha mashamba zilipoanza, wataalamu wa kigeni wakafunga mizigo na kugawa vile visivyostahili kupanda ndege. Kuna waliopata magodoro. Kuna waliopata majiko ya gesi, na hakuna aliyejua gesi yenyewe itatoka wapi. Baba mdogo akapewa hedifoni. Zilikaa juu ya kabati lake miaka, akiwavalisha wajukuu wakilia, mpaka siku nilipokwenda kumsalimia nikaziona. Nikamwambia hicho ni kitu cha thamani kubwa. Baada ya kusikia hivyo akasema nimletee kondoo dume.

Nikampelekea. Mke wangu hakunikataza, ila aliniuliza kama hicho kitu kinazaa.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku Nambis, na jioni na Jumamosi nilikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Kila kwaya ilitaka kuwa na kanda yake. Soko huria lilikuwa limeleta redio kaseti hadi kwenye maduka ya kuuza chumvi na mafuta ya taa, na baada ya mkoa wetu kukatwa kutoka Arusha, Babati ilianza kujiona mji, pakafunguliwa studio. Tulikubaliana kwamba mavuno yakiisha tutakwenda kurekodi.

Mimi si mtu wa kwenda kubahatisha mbele za watu. Usharika ulikuwa na mashine ya kurekodia yenye maiki mbili. Maiki ya kushoto niliiweka mbele ya wanawake, ya kulia mbele ya wanaume, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyokaa kanisani tangu enzi za wamisionari: ukiingia mlangoni, akina mama kushoto, akina baba kulia. Kila baada ya mazoezi nilibeba kanda na ile mashine nyumbani, nikavaa hedifoni, nikaketi nje juu ya benchi na kuchambua wimbo sauti kwa sauti. Nilikuwa sikai nikatulia. Mke wangu alisema hata nikikaa, miguu yangu inatembea.

Kilichonikosesha raha ni sauti ya kwanza. Besi zilikuja vizuri, teno nazo zilikuja na makosa yao yote. Lakini sauti ya kwanza ilikuwa mbali, nyembamba, imefifia. Na humo ndimo alimokuwa mke wangu. Nitasema wazi kwamba nilimwoa kwa ajili ya sauti ile. Nilimsikia kwenye mkutano wa kwaya kule Gitting kabla sijamwona. Nilikuwa nje ya kanisa naegesha baiskeli, na wimbo ulipokwisha nilikuwa bado nimeshika usukani. Sasa nilikuwa naye nyumba moja, naosha uso maji aliyochemsha yeye, na kwenye kanda simpati. Nilitaka kumpata. Mambo ya studio niliwaambia wanakwaya, lakini moyoni nilichokuwa natafuta ni hicho.

Mtu aliyenitia wazimu wa waya alikuwa mganga wa kituo cha afya, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, ambaye baridi yetu ilimfanya avae makoti mawili. Alipenda muziki kuliko mimi. Siku moja alipita kunisalimia, akazigeuza hedifoni mikononi, akavuta waya kidogo. Ulichomoka. Ulikuwa umegawanyika mara mbili, kila upande una plagi yake ndogo.

"Mwalimu, hizi si za mchezo," akasema. "Zimetengenezwa ili waya ubadilishwe. Dar kuna watu wanatoa waya wa kiwandani, wanaweka wa shaba safi. Wanasema sauti inakuwa nyingine kabisa."

Nikamwambia upande wa kushoto umechoka. Akavaa, akasikiliza, akavua.

"Mbona naona pande zote ziko sawa?"

Nikazichukua hedifoni zangu. Nilijiambia huyu ni mtu wa pwani, amekulia kwenye ngoma na matarumbeta, atajuaje sauti ya kwanza inatakiwa kukaa wapi. Lile la shaba safi ndilo nililolishika.

Nilianza na waya wa simu uliobaki ofisini baada ya nguzo kuanguka. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo chuma cha kuyeyushia risasi nilikipasha kwenye mkaa, na zile plagi za zamani, zenye herufi zake, nikazikata na kuziunga upya. Siku za mwanzo niliona mabadiliko makubwa. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni nikamwambia sauti imefunguka. Akafuta mikono, akasikiliza, akasema ni kweli, akarudi kwenye maharage yake. Haukupita muda sauti ya kwanza ikaanza kwenda mbali tena.

Nikahamia waya wa antena. Huo ulikuwa mgumu, ukigeuza shingo nao unakugeuza kichwa. Nao uliimba siku za kwanza. Baadaye fundi redio wa Mbulu mjini alinipa waya aliosema umetoka kwenye spika za disko iliyofungwa. Kila waya ulinipa raha ya muda mfupi, halafu wasiwasi ukarudi umenenepa. Nilikuwa nachomoa, nachomeka, nakuna shaba kwa wembe, nalala na jambo hilo na kuamka nalo. Darasani nilikuwa natazama kupitia dirishani nyaya za taa za baiskeli za watoto nikiwaza zina shaba kiasi gani.

Kwenye mazoezi hasira iliishia kwa akina mama. "Sauti ya kwanza, mmelala? Mmekuja kanisani kupumzika?" Walipaza. Nikawaambia wapaze tena. Wakapaza zaidi, mishipa ya shingo ikiwatoka, na mimi nikipunga mkono wa kushoto juu, juu, juu.

Jambo jingine lililonikera msimu ule ni watoto kukosa adabu. Kwetu mtoto hampiti mkubwa bila shikamoo, hata akiwa amebeba kuni kichwani. Sasa nikawa naona wananipita njiani kimya, tena baadhi ni wanafunzi wangu mwenyewe. Nilisimama paredi asubuhi nikahutubia juu ya salamu mpaka kengele ikapitiliza. Watoto wakanikodolea macho. Mzee mmoja wa kanisa naye alianza kuninunia. Mke wangu aliniletea habari kwamba yule mzee anasema mwalimu anaringa, anaongeleshwa hajibu, tangu ameanza kuvaa vitu vya wazungu masikioni hamjui mtu. Nikacheka kwa dharau. Nani aongeleshwe na yule mzee asimjibu?

Karibu na mavuno nilikwenda Arusha kwa shughuli za walimu, nikapita kwenye duka la vifaa vya muziki. Nilipata waya mnene kama mkia wa ndama, umesukwa, laini, plagi zake zinang'aa. Nitaacha kusema niliupataje. Mke wangu aliniona nikiutoa kwenye begi na akageuza mada, akaniuliza hali ya barabara.

Niliuchomeka pale pale kwenye benchi, kabla ya chai. Plagi mbili zile zilifanana, hazina herufi, hazina rangi. Nikaweka kanda ya mazoezi ya mwisho.

Mke wangu akaimba.

Sikuhitaji kumtafuta. Alikuwa pale, karibu, neno kwa neno, nikasikia hata anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nilijiambia nilikuwa sahihi muda wote, mganga na fundi na wote walionicheka walikuwa hawajui kitu. Nikarudisha kanda nyuma nikamsikiliza tena. Mara ya pili furaha ikapungua, maana nilisikia jinsi alivyokuwa anaimba. Alikuwa anapiga kelele. Sauti ya kwanza yote ilikuwa inapiga kelele, na sauti yake niliyoisikia kule Gitting ilikuwa imekwaruzika pembeni.

Halafu nikagundua besi hazipo.

Wanaume wote walikuwa wamekwenda mbali, wembamba, wamefifia. Nikajua nimechomeka plagi kinyume, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Nikazibadilisha. Wanaume wakarudi, mke wangu akapotea. Nikazibadilisha tena. Akarudi, wakapotea. Tangu nizipate hedifoni zile sikuwahi kuzivaa kinyume hata siku moja. Zina herufi zake, kila moja kwa sikio lake, na mimi ni mwalimu, nafuata kilichoandikwa. Nikazivua, nikazigeuza kichwani.

Nilijua kabla sijasikia. Nikazivua tena, nikachukua kiberiti mfukoni nikakitikisa kwenye sikio la kulia, njiti zikalia. Nikakitikisa kwenye la kushoto. Nikakifungua kuangalia kama njiti bado zimo.

Niliogopa. Halafu nikakasirika, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, nikaukasirikia waya, nikauchomoa na kuutupa kwenye majani ya maboga. Mke wangu alikuwa anapepeta maharage karibu na mlango. Akaja, akauokota, akaketi kwenye benchi upande wangu wa kulia. Ndipo nikaona kwamba siku hizi daima anaketi huo upande. Njiani kwenda kanisani anatembea upande huo. Hata kitandani tulikuwa tumebadilishana nafasi, akanidanganya kwamba upande wa ukutani una baridi.

"Umejua lini?" nikamwuliza.

"Tangu kabla ya hizo hedifoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ni waya," akasema.

Ni kweli, ningesema hivyo hivyo. Kisha akaniambia kwamba akina mama wa sauti ya kwanza nao walijua. Walikubaliana wenyewe kupaza, ili mwalimu asikie, asijisikie vibaya.

Mganga alinichungulia masikio yote mawili kwa tochi yake. Alitamani kukuta nta, nilimwona usoni. Hakukuwa na nta. Akasema mshipa wa kusikia ndio umekufa, na kwamba huo haurudi. Hakunikumbusha kwamba siku ile alisikia pande zote ziko sawa. Aliniandalia chai ya tangawizi, tukazungumza habari za Tanga.

Sasa ilibaki safari ya Babati. Nilifikiria kujiuzulu, na nilifikiria zaidi kunyamaza, niendelee kupunga mkono mpaka nigundulike. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo. Akasema, "Nisimame upande wa wanaume. Mimi peke yangu. Ukinisikia mimi vizuri, utajua wenzangu wako wapi." Mtu asiyetoka kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Mwanamke mmoja kusimama katikati ya besi, kanisani, mbele ya wazee wa usharika, halikuwa dogo.

Yule mzee aliyeninunia alikuwepo siku ya mazoezi ya mwisho. Mke wangu alipovuka kwenda kulia, akainuka.

"Mwalimu, huyu mama anakwenda wapi? Utaratibu huu umetoka wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu juu ya ufundi wa sauti. Hayakutoka. "Sikio langu la kushoto limekufa, mzee," nikasema. "Akisimama kule simsikii."

 Mzee alitembea polepole na fimbo yake, akanizunguka kwa nyuma, akaja kusimama upande wangu wa kulia.

"Kumbe hukuwa unaringa," akasema. "Basi nisalimie."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akarudi kukaa. Hakuuliza tena habari za utaratibu. Nikawaambia sauti ya kwanza waimbe taratibu, wasipaze, na nilipoinua mikono nilimsikia mke wangu kutoka kwa wanaume, amekwaruzika kidogo lakini ni yeye. Kesho yake, njiani kwenda shule, nilianza kuwaitikia marahaba watoto wote waliopita kushoto kwangu, waliosalimia na ambao labda hawakusalimia. Wengine walicheka.

Tulirekodi hivyo hivyo. Kijana wa studio alishangaa, akatuuliza mara mbili kama mama huyu amekosea mahali. Kanda ile ninayo mpaka leo, na wanawake wote wako kushoto isipokuwa mmoja, ambaye anaimba upande wa kulia kati ya wanaume, kwenye sikio langu zima. Waya wa Arusha uliookotwa kwenye maboga bado unafanya kazi. Plagi nilizitia alama ya rangi ya kucha. Mke wangu aliacha kwaya siku nyingi, kifua hakimruhusu, kwa hiyo mtu akitaka kusikia sauti ya Gitting inabidi aje kwangu aombe hedifoni.

Msimu huu nimeanza tena kutotulia. Kanda haisikiki kama zamani. Besi zinakwenda mbali, na yeye anakwenda nazo. Juzi nilikuwa kwenye benchi nakuna plagi kwa wembe, mke wangu ameketi upande wangu wa kulia kama kawaida anachambua mboga. Nikamwambia nadhani waya umeanza kuchoka.

Hakujibu, au kama alijibu sikumsikia. Alichukua kigoda chake na ungo wa mboga, akahama, akaja kuketi mbele yangu, mahali ninapoweza kuona mdomo wake.