Vidonge Ndani ya Gauni la Harusi

Kabla sijaanza, wekeni hili kichwani: katika ukoo wetu mwenye elimu ni mimi. Nimefika darasa la sita, na hilo la sita nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu ya haki nina la saba. Mpwa wangu ninayetaka kuwasimulia, binti wa dada yangu mkubwa, alinizidi madarasa kadhaa, lakini hajui kujisifu. Elimu ya mtu asiyejisifu nani ataiona?

Kazi yake ni kupiga pasi. Duka letu la dobi lina watu wanne: Bosi kwenye kaunta, mama mmoja wa mashine za kufulia, huyu mpwa wangu ambaye mtaa mzima humwita Fundi Pasi, na mimi mpeleka nguo. Nyuma ya baiskeli yangu nimechomelea fremu ya chuma, kama kabati lililonyimwa milango. Gauni la harusi linaning'inia humo ndani ya nailoni, napita nalo kwenye mashimo yote ya barabara, na linafika bila kunjo hata moja. Mtafuteni mwingine anayeweza. Mkimpata, mleteni nimwone.

Fundi Pasi hufanya kazi nyuma ya pazia, kwenye chumba kisicho na dirisha. Sheria ya duka ni hii: kabla nguo haijaguswa, mifuko yake yote inapekuliwa. Kilichomo kinatiwa kwenye kifuko cha nailoni, na nguo ikishapigwa pasi, kifuko kinabandikwa kwa pini ndani yake, kirudi kwa mwenyewe. Kifungo, tiketi, barua ya mapenzi, karanga mbili, vyote vinarudi. Kazi hiyo ya kubandika ni yake peke yake.

Watu anawajua kwa nguo. Anajua nani amekonda, nani amehamisha tundu la mkanda. Gauni likiletwa mshono wa kiunoni umefumuliwa na kuongezwa nafasi, anajua mwenyewe ni mjamzito. Hapo huguna, "Huyu ameshachelewa." Miaka yote nilidhani anamsema mteja kwa kuchelewa kuchukua nguo zake.

Nyumbani kwake ni chumba kimoja. Kitanda, jiko, sahani moja, kiti kimoja, na redio ambayo haizimi hata anapokwenda kazini. "Nikifungua mlango nikute mtu anaongea," alinieleza. Nikamwambia anamaliza betri. Mtu wa kumtembelea ni mimi tu, kila Jumapili asubuhi. Mimi nakalia kiti, yeye anapindua ndoo na kuikalia. Naongea saa tatu, naye ananisikiliza saa tatu. Mara nyingi nikifika namkuta anameza kidonge.

"Kichwa tena?" namuuliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Ni mawazo hayo. Tafuta mume, kichwa kitapona, uumie kwingine."

Anacheka kidogo, anasuuza kikombe.

Mume alikuwa naye zamani, fundi umeme. Miaka saba iliyopita walipata mtoto wa kike. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi, chini karibu na kiuno, kama mshono ambao fundi aliusahau. Aliishi siku tisa. Baada ya maziko watu walikaa sebuleni kimya, na kila mtu alikuwa na swali moja kooni: kwa nini? Mimi na ukimya hatujawahi kupatana. Nikasimama, nikasema ni mvuke wa pasi. Mwanamke akisimama kwenye mvuke kutwa nzima, nikawaeleza, joto linapenya tumboni na kulegeza uti wa mgongo wa mtoto. Niliyasema kwa mpangilio mzuri hata mimi mwenyewe nikayaamini. Wakwe wakatikisa vichwa. Fundi umeme akainuka, akamfuata mkewe chumba cha pili: "Si nilikwambia uache ile kazi?" Miezi miwili haikuisha, akabeba vitu vyake. Sahani moja aliiacha.

Sasa njooni mwaka huu.

Lililetwa gauni la harusi la mwalimu wa chekechea, binti mmoja mchangamfu wa barabara ya tatu. Harusi ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi Pasi alilipiga pasi asubuhi nzima, akanikabidhi mwenyewe.

"Mjomba, hili mpe bibi harusi mkononi. Yeye mwenyewe, asiwe mtu mwingine."

"Mimi nimeanza leo?"

"Mkononi, Mjomba."

Nilifika, nikakuta binti ametoka. Mtu mwenye akili ndogo angerudi na gauni dukani. Mimi nilikumbuka kwamba nyumba ya bwana harusi iko mitaa miwili tu mbele, imejaa wageni, na kwamba huko hakuna aliyewahi kuniona nikiingia na gauni la namna hiyo kwa baiskeli. Nikaenda nikipiga kengele tangu kona. Wakatoka, wakashangaa, nikapewa chai. Mama wa bwana harusi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani, akafungua nailoni alikague.

Ndani, kwenye bitana ya kiuno, kilikuwa kimebandikwa kifuko. Na ndani ya kifuko, karatasi na vidonge.

"Hivi navijua," mama akasema polepole. "Mimi nilipewa kliniki nikiwa na mimba ya huyu mwanangu. Hivi ni foliki. Ni vya wajawazito!" Akashika kichwa. "Kwa hiyo tunaletewa bibi harusi tayari amebeba? Mimba ya nani? Mwanangu amekuwa kambini kazini miezi mitano!"

Nikaweka kikombe chini. Wakamtuma mtu akamwite binti, na mimi nikaruka kwenye baiskeli. Niliendesha kama mtu anayekimbizwa na nyuki, na sijui nilimpita nani.

Nilimkuta Fundi Pasi katikati ya suruali. Nikamweleza huku nahema. Hakunigombeza. Aliisimamisha pasi wima, akazima swichi, akajifuta mikono.

"Ni vyako wewe vile vidonge?" nikamuuliza.

"Vyangu. Kila gauni la harusi nalibandikia. Mwaka wa nne huu."

Bosi akainua kichwa kwenye kaunta. "Fundi, unakwenda wapi? Kuna mashati ishirini."

"Nakwenda kusema kweli, narudi."

"Ukitoka sasa hivi usirudi!"

Akatoka. Alikaa nyuma ya baiskeli yangu, ndani ya fremu ile ya magauni, ameshika vyuma.

Sebuleni tulimkuta mwalimu wa chekechea amekaa ukingoni mwa kochi, machozi yanamtoka, anasema kwa mara ya kumi kwamba hana mimba. Bwana harusi amesimama dirishani, hajui amtazame mama au mchumba. Watu wamejaa hadi mlangoni.

"Shikamoo, mama," Fundi Pasi akasema. "Hivyo vidonge ni vyangu. Nilivibandika mimi. Huyu binti hajui lolote."

Mama akampima kuanzia chini. "Wewe una mimba?"

"Sina."

"Una mume?"

"Sina."

"Basi vidonge vya wajawazito unavifanyia nini? Achari?"

Watu wakacheka. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo, mdomo ulitangulia.

Fundi Pasi alisubiri kicheko kiishe. "Mama, ulipewa kliniki ukiwa na mimba ya miezi mingapi?"

"Minne. Mitano."

"Wote hupewa hapo, na hapo vina kazi yake, vinasaidia damu. Lakini uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo. Wiki nne, mama. Wakati huo mwanamke bado anafikiri siku zake zimechelewa tu. Mwili ukipungukiwa foliki siku zile, mgongo unaweza kubaki wazi, au kichwa kisifunge. Ndiyo maana huanzwa kabla. Mwezi mmoja kabla, miezi mitatu ikiwezekana, kimoja kila siku. Nimewasubiri kwenye nguo, nikaona gauni likifika limeongezwa kiuno nimeshachelewa. Nguo pekee inayonifikia mapema ni ya harusi."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Miaka saba ya Jumapili, na maneno yale yote alikuwa nayo.

"Kwani hali mboga huyu?" mama akauliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Sisi tulizaa kwa mboga na maharage."

"Ale, tena sana. Mboga za majani asizichemshe mpaka zife. Maharage, machungwa, karanga. Ila chakula peke yake mara nyingi hakifikishi kiasi. Na hata vidonge si kinga ya kila kitu, sitamdanganya. Vinapunguza sana. Kwenye karatasi nimeandika amuulize muuguzi."

Mama akatikisa kichwa. "Haya mambo mbona tulielezwa vingine? Watoto wa mgongo wazi wanatokana na mvuke wa pasi. Hilo linajulikana. Kuna mama mmoja hapo juu alimuua mtoto wake hivyo hivyo, alikatazwa kazi akakaidi. Mvuke uliyeyusha uti wa mgongo wote. Daktari bingwa alithibitisha."

Ule ulikuwa uongo wangu. Ulikuwa umetembea miaka saba, umenenepa, umepata na daktari bingwa, sasa umerudi kunisalimia mbele za watu.

"Huyo mama ni mimi," Fundi Pasi akasema. "Na haukuwa mvuke. Niliuliza hospitali, muuguzi akanikalisha akanieleza. Kuna wanawake wanaopiga pasi maisha yao yote wakazaa watoto kumi. Mimi sikuwa nimeambiwa tu. Aliishi siku tisa. Alikuwa akishika kidole changu hiki."

Hakuonyesha kidole. Hakunitazama pia. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, namsubiri aninyooshee, aseme ni huyu. Hakufanya hivyo.

Ni bibi harusi aliyefuta uso kwa kiganja, akauliza kwa sauti ya mwalimu anayetaka kuandika:

"Vinamezwa kabla ya kula au baada?"

"Vyovyote," Fundi Pasi akamjibu. "Muhimu usisahau. Mimi huvifungamanisha na chai ya asubuhi."

Bwana harusi akakichukua kile kifuko mkononi mwa mama yake, akampa mchumba wake. Mama akaguna, akalitikisa gauni. "Haya, lijaribuni basi, tuone kama linamtosha." Hakuomba radhi. Hakumkaribisha Fundi Pasi kukaa. Tulijitoa wenyewe, tukapita katikati ya watu, na wanawake wawili wakasogeza nguo zao asiwaguse.

Nilikokota baiskeli, yeye akatembea upande wa pili wake. Nilitafuta utani kila mahali kichwani, mimi ambaye huwa naukuta umejaa mlangoni. Hakukuwa na kitu.

"Ulijua ni mimi niliyeanzisha habari ya mvuke?" nikauliza.

"Nilikuwepo, Mjomba. Nilikuwa chumba cha pili."

"Na muuguzi alikueleza lini?"

"Wiki ile ile."

"Miaka saba! Mbona hukuniambia?"

Alitembea hatua kadhaa. "Kila Jumapili ulikuwa unakuja," akasema. "Ningekuambia, ungekuja?"

Ningependa kuwaandikia hapa kwamba ningekuja. Nina maneno ya kutosha. Lakini najijua: nisingekuja. Ningeona aibu, na aibu ningeiita kazi nyingi.

"Na vile vidonge vya kichwa?"

"Foliki. Mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba ameambiwa asipungukiwe. Mimi niliandikiwa vikali zaidi kwa sababu ya yaliyonipata."

"Lakini huna..." Nikaishia hapo.

"Sina," akasema. "Lakini nameza."

Bosi hakumfukuza. Alipiga kelele hadi jioni, kisha akakumbuka kwamba hakuna mwingine anayeweza kunyoosha sketi ya marinda. Alichokataza ni pini: kisibandikwe ndani ya nguo kitu ambacho hakikuletwa na nguo. Fundi Pasi akainama, akaendelea na mashati ishirini.

Kwa hiyo sasa ni mimi. Naweka vifuko mfukoni mwa koti langu, na nikifika na gauni nampa bibi harusi mkononi, yeye mwenyewe, namweleza wiki nne za mwanzo, namwambia amuulize muuguzi kama haniamini. Wengi hawaniamini. Wananicheka, mzee mzima anatembea na vidonge vya wanawake. Mmoja aliniuliza mimba yangu ina miezi mingapi. Nikamwambia minne, kwa hiyo mimi nimeshachelewa, yeye bado. Alicheka, akakipokea.

Jumapili ya baada ya ile nilikwenda kama kawaida. Redio ilikuwa inaongea peke yake, yeye ameinamia jiko. Niliipindua ndoo nikaikalia. Alipogeuka na vikombe viwili aliniona, akasimama kidogo, akaniwekea changu mkononi. Hakukalia kiti. Alikwenda kuegemea dirisha, akameza kidonge chake kwa chai, akatazama barabarani.

Siku hiyo sikuongea saa tatu. Kiti kilikaa kitupu katikati yetu.