Ngao Iliyoletwa Kifanya

Kwa majivuno, Makambako nzima hakuna wa kumfikia Enoki wa Kitandililo. Ni fundi wa viatu na mikanda ya ngozi, na vikundi vya ngoma humwagiza ngao. Mtu akipita na ngao, Enoki hamjulii hali kabla hajaigeuza. "Usoni kila ngao ni ya kale," husema. "Ukweli uko mgongoni."

Ndiyo maana Bibi Emerensiana alimwita aende kwake Kifanya. Mchuuzi mmoja alikuwa ameleta ngao nyeusi, akiapa kuwa ni ile ya marehemu babu wa ukoo wa Bibi iliyopotea zamani, na alitaka abadilishiwe kwa fahali wa Bibi. Ukoo ulishajaa uani, msumari ulishapigwa ukutani sebuleni, fahali ameshafungwa kamba. Lilisubiriwa neno la fundi tu.

"Kamwene, Bibi," Enoki alisalimu, akaipokea na kuigeuza.

Ilinuka moshi, na mshikio wake wa mti uling'aa kwa mafuta. Akapenyeza vidole nyuma ya mshikio, pale ambapo vifundo vya mkono husugua ngozi miaka na miaka hadi ikalainika. Pakamkwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Hakuna mkono uliowahi kukaa pale. Kisha akatazama mshono, akaona umelalia upande usiozoeleka. Akautambua papo hapo, maana Enoki ni mtu wa mashoto. Ngao ilikuwa yake mwenyewe, aliyowashonea wacheza ngoma, na mtu alikuwa ameining'iniza kwenye moshi ionekane ya kale.

Tusimpambe: kwanza alifurahi. Kazi ya mikono yake itundikwe, ukoo mzima uiheshimu, wajukuu wapigwe picha chini yake! Angenyamaza tu, yangekuwa hayo. Lakini sifa zote angepewa marehemu ambaye hakuwahi hata kuigusa, na hilo Enoki hakuweza kulimeza. Tena Bibi angempoteza fahali wake kwa uongo.

"Ngao nzuri sana hii," alisema. "Niliishona mimi."

Mchuuzi akabisha. Enoki akavua kiunoni mkanda aliojishonea, akauweka kando ya ngao. Mishono ikalala upande mmoja. Akaushika mkono wa Bibi, akaupitisha nyuma ya mshikio ahisi mwenyewe ule mkwaruzo. Mchuuzi akafunga virago bila kuaga.

Bibi alitazama msumari wake kwa huzuni. "Basi ukuta utabaki mtupu, mwanangu."

"Ya babu siwezi kuirudisha, Bibi. Ila fahali huyu akizeeka, siku mtakayomchinja mniwekee ngozi yake. Nitawashonea ngao, na jina langu nitaliandika mgongoni, asije mtu akaiita ya kale."

Bibi akainuka, akaenda kumfungua fahali kamba, akampiga kofi la upole mgongoni.

"Haya, ngao yetu," akamwambia, "nenda ukale majani."