Unga Chini ya Sanamu

Kwanza mama alitushuku sisi watoto. Kila asubuhi alikuta unga mweupe, laini, juu ya kitambaa cha kufuma kilichofunika kabati la sebuleni, akafoka: "Nani anachezea unga wa ugali hapa?" Tulikana, tukachapwa bure. Hiyo ni mtaani Baba Dogo, miaka ya tisini, na kwetu unga haukuwa kitu cha kuchezea.

Siku moja nikainua sanamu ya baba nipanguze vumbi. Baba alikuwa mchonga vinyago, na tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Sanamu hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho: mwanamke mweusi tititi akipepeta mahindi kwa ungo, yaani mama mwenyewe. Chini yake palikuwa na vitundu kama vya sindano, na unga ukivuja. Kijidudu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mchele, kikachungulia.

"Woi! Haiwezekani," mama akasema. "Huu ni mpingo, mgumu kama chuma. Mdudu gani huyo wa kula mpingo?"

Mpingo ule ndio uliokuwa umemtuliza. Baba alipougua, alijifungia kibandani nyuma ya nyumba akichonga, na mama akawatangazia majirani wote kwamba mgonjwa wa kuchonga mpingo ameshapona nusu. Ndiyo maana hakumwita nyanya kutoka kijijini, ushago, aje kumwona mwanawe. Nyanya alikuja kuzika tu.

Mama akamwita rafiki wa baba, mchongaji mwenzake. Mzee huyo akaigeuza sanamu, akakwangua kitako kwa kisu. Ndani kulikuwa kweupe pe! Akaiweka chini harakaharaka.

"Shemeji, tia mafuta taa kwa hivi vitundu, kisha uzibe na nta. Na uiondoe hapa, wasije wakahamia kabatini."

"Mimi sikuulizi mafuta taa. Huu ni mti gani?"

Yule mzee akatazama mlango.

"Jakaranda," akasema. "Tena mbichi. Mti usiokauka ndio hawa wadudu wanapenda. Nilimwambia angoje ukauke, akaniuliza, atangoja na siku za nani? Mkono ulikuwa umekwisha, shemeji. Mpingo haungemkubali. Akapaka polishi ya viatu. Akanikataza nisikwambie."

Polishi ya viatu! Baba yetu, aliyewaita wezi wale wanaouzia watalii jakaranda iliyopakwa weusi. Nilimkasirikia marehemu, nakwambia, hata machozi yakagoma.

Mgeni alipoondoka, mama akachukua bomba la sindano lililobaki kwenye dawa za baba, akatia mafuta taa tundu baada ya tundu. Nyumba nzima ikanuka. Mengine yakamwagika juu ya sanamu, akayafuta kwa kitambaa, na ule weusi ukatoka nayo. Akaendelea kufuta, uso, mabega, mpaka ungo. Hapo tukaona alama za patasi, zimepinda, zimeruka, mahali pengine baba amechonga mara tatu akikosa.

Mama alizipitia kwa kidole gumba.

"Ungeniambia tu," akasema, akilia kama siku ya mazishi. "Ungeniambia, ningemwita mama yako."