Chuo cha Siwema na Simu Moja ya Rukuba

Habari hii hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Mtasema mzee huyu amelewa, wakati mimi kinywaji changu ni chai ya tangawizi na mtaa mzima unajua. Basi aminini au msiamini: mimi, Luqmani wa Musoma, darasa la saba B, niliyefeli hesabu kwa juhudi zangu mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, niliwahi kusimamia mtihani wa chuo kikuu. Mtihani wa digrii! Watu wazima wanatetemeka mbele yangu, na mimi nimevaa koti la kaka yangu.

Chuo chenyewe kilianzishwa na Siwema, mtoto wa huyo kaka yangu Hamduni, fundi cherehani. Kilianzia nyuma ya cherehani hiyo hiyo, kati ya mabaki ya vitambaa.

Ilikuwa hivi. Siwema alikuwaga anasoma digrii kwa masafa. Masomo unajisomea nyumbani, ila mtihani lazima uufuate Mwanza. Mwaka wa tatu akaenda na mimba ya miezi minane, basi likaharibika Bunda, wakakaa pale mpaka jua likageuka. Alipofika Mwanza chumba cha mtihani kimeshafungwa. Akasubiri mwaka mzima kurudia. Siku aliyorudi nyumbani alikaa kwenye kiti cha wateja, miguu imevimba, akamuuliza baba yake, "Hivi mtihani hauwezi kunifuata mimi?"

Hamduni alikuwa na pini mdomoni, akatikisa kichwa tu. Mimi ndiye niliyecheka. Nilicheka sana.

Alipomaliza digrii yake akatafuta chuo kikuu kimoja cha mbali, wakakubali awe kituo chao huku Mara. Akaanza na kompyuta moja. Baadaye akaona watu hawana muda wa kuja mjini, akawapelekea masomo kwenye simu. Hakuwatumia video, maana bando linakwisha kabla mwalimu hajamaliza salamu. Yeye alichukua somo la saa moja akalikata vipande vya dakika tano tano, sauti tupu, akamtumia mtu. Unakamua ng'ombe huku unasikiliza uchumi. Mimi nilikuwa namwita Profesa kumkera. Asubuhi nikifika dukani, "Profesa, ng'ombe wangapi wamefaulu leo?"

"Wote, Ba'mdogo. Umebaki wewe."

Mwaka ule wa korona, shule zilipofungwa, watu walimjia kama dagaa wanavyoifuata taa. Akafungua Bunda, akafungua Nyamuswa nyuma ya duka la dawa za mifugo, akapanga chumba Mwitongo kule Butiama kwenye mji wa mkulima mmoja. Wanafunzi wakafika mia nne. Walimu wa shule za msingi, manesi, makarani, mama mmoja wa Nyamuswa aliyesoma huku analea wajukuu saba. Na Rukuba, kisiwani, wanafunzi kumi na tisa.

Sasa Rukuba kuna jambo lake. Mtandao unasoma mahali pamoja tu, juu ya jabali. Pale jabalini anakaa Boke, mama wa Kikurya anayechaji simu za watu kwa sola, na simu yake mwenyewe imefungwa kwenye mti mrefu kama bendera. Ujumbe wowote wa kisiwani unaingia kwa Boke. Akiupata anashuka kambini kwa wavuvi anaita jina kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe, na mwenye ujumbe anapanda kwenda kuusoma. Msiba, bei ya sangara, mchumba, vyote vinapita kwa Boke. Kwa hiyo walipojiunga na chuo, wote kumi na tisa waliandika namba ya Boke. Kule hakuna aliyeona ajabu, na Siwema alidhani ni namba ya kupokelea ujumbe tu, simu zao wanazo. Ukiwauliza namba ya simu wanakupa inayopatikana.

Siku ya mtihani wa mwisho, mwaka juzi, Siwema alikuwa na vituo vitano kwa wakati mmoja na msimamizi mmoja aliumwa. Akanigeukia mimi.

"Ba'mdogo, kazi ni ndogo. Kila mtu na simu yake iliyosajiliwa kwa jina lake. Ukiona tofauti, nipigie kabla hujajaza fomu."

"Mwanangu, mimi siyo mtoto."

"Ndiyo maana nakuomba mara mbili."

Nikafika Rukuba nikakuta simu moja, ile ya Boke. Watu kumi na tisa wamepanga foleni chini ya jabali, wameoga, wamevaa mashati ya kanisani. Mtihani ulikuwa wazi siku tatu, na kila mtu alipewa saa moja na nusu. Mmoja anakaa juu peke yake na simu ya Boke, akimaliza anatoka kwenye jina lake, anashuka, anapanda mwingine. Haki ya Mungu hakuna aliyeibia. Walioshuka walitengwa upande wa pili wa jabali na hawakusema neno na wenzao. Mtihani wa haki kama ule sijaona. Wa mwisho alikuwa Nathanieli, mwalimu wa shule ya msingi, aliyengoja siku mbili na nusu. Akaniuliza, "Mzee, simu moja kwa wote, chuo wataikubali kweli?"

Nikamwambia, "Mwalimu, msimamizi ni nani hapa?"

Walikuwa wananiita Mheshimiwa Msimamizi. Mchana sato wa kuchoma, jioni sato wa mchuzi. Boke alinipa simu mara mbili, "Baba, humpigii mwanao?" Nikasema mambo yote sawa. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku: kila mtahiniwa ametumia kifaa chake mwenyewe. Nikatiki. Nikapiga tiki nzuri, ya mkia mrefu.

Nilivyorudi Musoma, Siwema alikuwa amechoka, ana mafomu ya vituo vitano mezani. "Kila kitu safi, Ba'mdogo?"

"Safi kabisa."

Akaweka saini.

Wiki ya tano ikaja barua pepe. Mitihani kumi na tisa imetoka kwenye simu moja. Chuo kikuu kilikuwa kimeshaamua mtu mmoja amewafanyia wote, na wote kumi na tisa wafutwe kwa udanganyifu, wasisome tena mahali popote. Kituo kilipewa siku saba za kutoa maelezo kama kina maelezo.

Nilimkuta Siwema dukani mchana, cherehani imezimwa. Nikamweleza ukweli wote, hapo sikuongeza chumvi. Hakunifokea. Alikuwa anasoma ile fomu, kidole chake kimekaa juu ya tiki yangu.

"Nikiwaandikia ilivyokuwa," akasema, "watajua kituo kimetia saini uongo. Watakifunga."

"Basi usiandike," nikamwambia. "Hao ni kumi na tisa, Siwema. Una mia nne. Sema watu wa kisiwani wamekudanganya, utajuaje wewe mambo ya kisiwani?"

"Nathanieli ni mwalimu. Akifutwa kwa wizi wa mtihani, Jumatatu anaingiaje darasani?"

"Watoto watasahau."

"Ba'mdogo." Akanitazama mpaka nikajifanya nakohoa. "Wao walifanya mtihani wao."

Akaandika barua ile kutwa. Ilikuwa ya Kiingereza, nikamwomba anisomee. Akasema, "Nimeandika kituo kilikosea na saini ni yangu. Jina lako halimo." Nilipaswa kusema liwemo. Nikauliza kama kuna chai.

Chuo kikuu kiliamini. Wale kumi na tisa wakasafishwa jina, lakini mtihani ukafutwa: anayetaka digrii aende Mwanza akasome muhula mzima upya, darasani, kwa miguu yake, arudie. Kituo kikafungwa. Mia nne wakahamishiwa chuoni moja kwa moja, huko wanatumiwa video. Yule mama wa Nyamuswa aliacha mwezi wa pili. Kibao cha chuo pale mlangoni Hamduni alikitoa mwenyewe akakigeuza meza ya kukatia vitambaa, maandishi yakatazama chini.

Waliokwenda Mwanza kutoka Rukuba ni watatu. Nathanieli hayumo. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza kajifungua, na shule ile ina walimu wanne, mwalimu mkuu hakumpa ruhusa.

Siku hizi Siwema yuko steshenari karibu na stendi. Anatoa kopi, anawajazia watu maombi ya kazi. Baadhi ya waliokuwa wanafunzi wake wakipita wanavuka upande wa pili wa barabara, sijui wanamwonea haya au wanajionea wenyewe. Masomo yale ya dakika tano bado anayo kwenye kompyuta; siku moja nilimkuta anasikiliza moja, akalizima. Hata haya yote ninasema mimi, anachapa yeye, maana mwandiko wangu unasomwa na mfamasia peke yake. Amechapa bila kusema neno tangu mwanzo, hata pale pa tiki.

Lakini siku tuliyokwenda Rukuba kuwapa habari, hapo mngemwona Luqmani! Siwema alisimama ufukweni akawaambia mtihani umefutwa na kosa ni la kituo. Boke peke yake ndiye aliyeuliza, "Kwani mimi nilikosea nini? Si niliwapa simu bure?" Ndipo mimi nikajitokeza. Nikapanda jabali lile, nikavua kofia, nikanguruma: kosa ni langu, mimi Luqmani, mwacheni mtoto huyu! Kisiwa kizima kikanyamaza, watu mia tatu, mia nne, wavuvi wakaacha nyavu, na Nathanieli akaja mbio akanikumbatia huku analia, akaniambia mzee nimekusa—

"Hapana, Ba'mdogo. Hapo sichapi. Walikuwa kumi na tisa na Boke. Na wewe hukushuka kwenye boti."