Programu ya Baba Ndani ya Gunia la Karatasi

Leo nimeuza picha ya marehemu baba kwa kilo, na hadi sasa siwezi kukaa chini.

Wacha niwaeleze.

Asubuhi nilisafisha nyumba ya mama, huku Tetu. Magazeti, vitabu vyangu vya shule, makatoni, yote nikajaza kwa gunia nikapeleka mjini Nyeri, kwa stoo inayonunua karatasi kuukuu za kutengenezwa upya. Nikajiona nimefanya la maana.

Kurudi, mama ananiuliza polepole, "Ile programu ya mazishi ya baba yako umeweka wapi? Ilikuwa kati ya magazeti."

Picha iliyo kwenye jalada lake ndiyo pekee tuliyo nayo ya baba akicheka.

Niligeuka nikarudi mjini, hata chai sikunywa.

Pale stoo, marobota ya karatasi yamepangwa hadi karibu na paa. Nikaanza kuyavuta huku na huku kama mwizi. Mama mmoja anayechambua karatasi akanishika mkono.

"Unatafuta mtu wako?"

Nikasema, baba.

Akanipeleka kwa kona. Kulikuwa na boksi imejaa programu za mazishi.

"Hizi mimi sifungi pamoja na zingine," akasema. "Watu husahau, halafu wanakuja hapa wakilia."

Baba alikuwa wa tatu kutoka juu.

Nimemrudishia mama nyumbani, naye ameiweka ndani ya Biblia yake. Hajanigombeza, na hiyo ndiyo inanisumbua zaidi.

Lakini ile boksi bado imejaa. Kama umetoa karatasi nyumbani juzijuzi, tafadhali nenda uangalie.