Mama Mawe na Jiwe la Ishirini

Saa moja asubuhi, Mama Mawe amepiga magoti ndani ya kijito kinachopita nyuma ya karakana za magari. Jiwe liko mkono wa kushoto, mswaki uko wa kulia. Anasugua taratibu, uchafu unadondokea kwenye beseni jeupe, kisha analirudisha jiwe pale pale, upande ule ule.

"Ukiligeuza, umewabomolea nyumba," anasema.

Anatafuta mabuu ya nzi-nondo, nzi wadogo wenye manyoya ambao binamu zao ndio wale wanaotua kwenye kuta za bafuni. Mabuu ya hawa wa kijitoni hayataki maji yaliyolala. Hujibana kwenye jiwe kwa tumbo pale maji yanapopiga kwa nguvu, na maji yakiharibika hutoweka.

Leo ana wasiwasi. Idara ya maji, ambayo ameitumikia miaka ishirini na sita, imeamua kwamba mabuu hayo yasipoonekana katika ziara sita mfululizo, kijito kitahesabiwa kimekufa na kufunikwa kwa zege. Ziara tano zimetoka kapa. Hii ni ya sita.

Zamani, anasimulia, jiwe moja lilikuwa na mabuu hata hamsini. Alifundishwa kazi na mpimaji mmoja mpole, na wiki ya kwanza tu akavuruga mambo: aliyasugua mawe yote kwa sabuni ya kufulia.

"Mimi najua nimefanya la maana, mawe yanang'aa. Akayatazama, akaniambia, 'Dada, vyombo umeosha, ila wageni umewaua.' Nikalia. Akaninunulia chai. Mwaka haukuisha, akawa mume wangu."

Anacheka, kisha anashika jiwe jingine. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita.

"Namkumbuka zaidi nikiwa majini kuliko nyumbani. Nyumbani alikuwa mtu wa kununa."

Kila ziara husuguliwa mawe ishirini, yale yale. Kumi na tisa hayana kitu. Mhandisi aliyetumwa kushuhudia anafunga daftari lake.

"Mama, umejitahidi. Basi tena."

"Bado moja, baba."

La ishirini liko chini ya poromoko dogo la maji, mahali panapoteleza vibaya. Hilo lilikuwa la mumewe siku zote. Tangu afe, Mama Mawe hajaligusa. Amekuwa akichukua jingine la ukingoni, kwenye maji yaliyotulia, na kuliandika kama la ishirini. Anamweleza mhandisi hivyo hivyo, bila kuficha.

"Si magoti tu," anasema. "Moyo ulikuwa unagoma."

Mhandisi anavua viatu, anamshika mkono, wanavuka. Mswaki unapita mara tatu. Kwenye beseni vinaonekana vijistari vinne vyeusi, vinajikunja.

Mhandisi anahesabu mwenyewe, mara mbili, kisha anaandika: *kijito ki hai*. Mama Mawe anajifuta uso kwa kanga iliyolowa, na si maji ya kijito peke yake.

Mwisho wa mwaka anastaafu. Atafanya nini?

"Nitakuja nikae tu hapa ukingoni," anasema. "Miaka yote ile mimi na yeye, hatukuwahi kukaa."